Nyimbo za flashi ya mzee: kutoka MIDI hadi kitabu cha nota

Jumatatu jioni

Flashi imefika mkononi. Mzee aliyepiga kinanda cha parokia yetu hapa Kisumu tangu enzi za disketi amestaafu, vidole vimeanza kumgomea, naye amenikabidhi kila wimbo aliowahi kurekodi. Kuna za kuingia, za sadaka, za komunyo, na zile za jumuiya ndogondogo ambazo hazijawahi kuandikwa popote. Zote ni faili za MIDI, na majina yake hayasaidii: SONG_014, SADAKA2B, MPYA_MPYA. Mwalimu wa kwaya anataka kitabu kabla ya Majilio. Sauti nne, maneno chini ya nota, solfa (do, re, mi kwa herufi) juu yake.

Wanakwaya wengi walidhani ni kazi ya kubonyeza kitufe kimoja. Basi nikaifungua SADAKA2B kwenye MuseScore, programu ya kuandika nota, mbele yao, bila kurekebisha chochote. Ukurasa ukajaa semikweva (nota za robo pigo), nukta, matao ya kuunganisha nota na vipumziko vidogovidogo kila mahali. Mwalimu aliinama akaitazama skrini, akauliza ni nani amewamwagia sisimizi sukari.

Programu iliandika ilichopewa. Kiwango cha MIDI kilitoka mwaka 1983 ili vinanda vya kampuni tofauti viweze kuelewana kupitia waya, na kinachopita kwenye waya huo ni amri za vidole: kitufe namba 60 kimebonyezwa kwa nguvu 84, kitufe namba 60 kimeachiwa. Namba zinaanzia 0 hadi 127. C ya katikati ni 60, A ya 440 Hz ni 69. Faili inaongeza hasa jambo moja, muda uliopita kati ya amri na amri, ukihesabiwa kwa vipande vidogo viitwavyo tiki. Humo ndani hamna pumziko. Hamna sauti ya kwanza wala ya pili. Hamna anayejua kama 66 ni F shapu au G flati. Karatasi inayadai hayo yote, na faili haina cha kujibu. Atakayejibu ni mtu anayeujua wimbo.

Jumatano usiku

Leo ni kusafisha tu. Kinanda cha mzee kinahifadhi faili za aina 0, yaani kila kitu kimerundikwa kwenye traki moja na kutofautishwa kwa namba ya chaneli, 1 hadi 16. Mkono wa kulia uko chaneli 1, wa kushoto chaneli 3, na ule mdundo unaojipiga wenyewe, pamoja na besi na gitaa lake, umejaza 9 hadi 16. Ngoma ziko 10, kama desturi ya General MIDI ilivyoweka tangu 1991. Kwa kitabu cha waimbaji vyote vya 9 kuendelea ni takataka, nikavikata kwa skripti, yaani programu fupi ya Python, inayotumia maktaba ya mido. Ukiziacha ngoma, programu isiyojua itazisoma kama nota: ngoma kubwa ni 36 na sneya ni 38, basi waimbaji wa besi watajikuta wamepangiwa C na D za chini kabisa, wimbo mzima.

Anayetaka kujiandikia skripti ajue na hili. Vinanda vingi havitumi amri ya kuachia. Vinatuma tena amri ileile ya kubonyeza, ila kwa nguvu 0. Usipoiangalia hiyo sifuri, kila nota itahesabiwa mara mbili na hakuna hata moja itakayoisha.

Kichwa cha faili kinasema krocheti moja (nota ya pigo moja) ni tiki 480. Hilo naliamini, ni hesabu ya mashine. Lakini kila faili inajitangaza pia kuwa 4/4 (mapigo manne kwa kila kipimo), mikrosekunde 500000 kwa krocheti, yaani mapigo 120 kwa dakika. Hata wimbo wa komunyo unaotambaa unadai kuwa 120. Ndivyo kinanda kinavyokuwa kikiwashwa, na mzee hakuwa na sababu ya kukigusa hapo. Alikuwa anapiga misa, hakuwa anaandika kitabu.

Alhamisi

Nyimbo zilizorekodiwa mdundo wa kinanda ukilia zimeingia bila kelele. Mzee aliufuata mdundo, kwa hiyo vidole vinaangukia karibu na mstari: 478, 963, 1436. Natumia MuseScore toleo la 3 kwa sababu lina paneli ya kuingiza MIDI chini ya dirisha. Unachagua nota fupi kuliko zote, unaruhusu au unakataza triploti (nota tatu mahali pa mbili), unachagua kama itenganishe mikono. Ushauri wangu ni kuchagua nota kubwa kuliko unavyodhani inafaa. Kwaya ya parokia haiimbi semikweva mara nyingi, na ukiziruhusu, programu itaziona kila kona.

Zile zilizopigwa bila mdundo ndizo zenye kazi, na ndizo nzuri.

Jumamosi, baada ya mazoezi

SADAKA2B tena. Niliwaomba waimbe bila kinanda. Kijana wetu wa ngoma ni wa upande wa Khayega, Kakamega, na ameikulia ngoma ya isukuti. Aliposhika ngoma ndogo tu, hata mtoto aliyekuwa mlangoni angekuambia huu wimbo una mapigo mawili makubwa, na kila moja linagawanyika mara tatu. Ni 6/8 isiyo na ubishi. Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa unaiga ngoma hizo muda wote, na faili inasema 4/4.

Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Vizuri. Lakini kwaya ngapi huku kwetu zinaimba sadaka kwa mwendo huo, na ukitaka karatasi ya wimbo wao unapewa picha ya daftari kwenye WhatsApp, nusu yake kivuli cha kidole?

Nikabadilisha 4/4 kuwa 6/8 kwenye MuseScore nikijua haitatosha, ili tu mwalimu aone. Sisimizi wakahama, wakakaa mahali pengine. Kubadilisha alama ya mapigo kunasogeza mistari ya vipimo, nota zenyewe zinabaki palepale zilipodondoka. Na zilidondoka bila kujali gridi, yaani mistari ya mapigo ya faili, kwa sababu hakuna metronomu iliyokuwa inalia.

Jumapili mchana, Mamboleo

Nimepita kwa mzee na laptopu. Tulisikiliza SADAKA2B, nikasimamisha katikati.

"Mzee, hapa mbona kasi inapanda? Ulikuwa umechoka na wimbo?"

Akacheka. "Mwanangu, hapo kina mama walikuwa wamekaribia altare na vikapu. Mimi sikuwa nahesabu, nilikuwa nafuata miguu yao. Wakiharakisha, naharakisha."

"Na hapa mwishoni unapokawia?"

"Padri alikuwa bado anapokea mayai. Ungemalizaje?"

Hiyo ilinipa jibu la swali moja lililokuwa linanisumbua: kasi inayopanda na kushuka iandikwe au isiandikwe? Isiandikwe. Yale ni ya Jumapili ile na vikapu vile. Kitabuni kutakuwa na kasi moja, na maneno mawili juu ya mstari, *fuata maandamano*, basi.

Amenipa pia orodha ya nyimbo zilizo zake mwenyewe. Za watunzi wengine tunawaomba ruhusa kwanza, na tusipoipata hazitaingia.

Jumanne usiku

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo njia niliyokuwa naitafuta.

Nacheza faili huku nikirekodi chaneli nyingine mpya, na kila pigo kubwa linapofika nagonga kitufe kimoja, kama vile ningepiga makofi. Sasa nina orodha mbili: nota za mzee zilipodondoka, na mapigo yalipo kwa kweli. Chukua mfano wa kipimo cha kwanza baada ya kiitikio. Nikihesabu kuanzia mwanzo wa kipimo hicho, nimegonga kwenye tiki 1012, kisha 1612. Kati yake mzee ana nota mbili, 1211 na 1413.

Kwa gridi ya 4/4 iliyo kwenye faili, pigo la tatu liko 960 na la nne 1440. Nota ya 1211 inaonekana imepita katikati ya pigo la tatu kidogo. Ya 1413 imelitangulia pigo la nne kwa tiki 27. Pigo langu la 1612, ambalo kila mwanakwaya anakanyaga mguu hapo, liko tiki 172 baada ya pigo la nne, mahali ambapo si hapa wala pale. Ndiyo maana ukurasa ulichafuka.

Sasa sahau gridi, pima kati ya mapigo yangu mawili. Urefu wake ni 600. Nota ya kwanza iko 199 baada ya pigo, ambayo ni 0.332 ya njia. Ya pili iko 401, ambayo ni 0.668. Theluthi moja na theluthi mbili. Kweva (nota za nusu krocheti) tatu safi kabisa, tena kwa kidole cha mzee aliyedai hakuwa anahesabu! Na kwa kuwa tiki moja katika kasi ya 120 ni kama milisekunde 1.04, tiki 600 ni milisekunde 625, yaani mapigo makubwa 96 kwa dakika. Hiyo ndiyo kasi niliyoiandika juu ya wimbo.

Skripti inafanya hivyo kwa kila pigo. Inavuta au kubana kilicho kati ya mapigo mawili niliyogonga hadi kiwe tiki 720, ambazo ni krocheti moja yenye nukta. Nota ya 199 inakuwa 239, inanyooshwa hadi 240. Ya 401 inakuwa 481, inanyooshwa hadi 480. Baada ya hapo ndipo unaandika 6/8 kwenye faili na kuifungua. Ukurasa umetoka mweupe, kweva zimefungwa tatutatu.

Mkono wangu nao si saa ya ukutani. Kwa hiyo nimeongeza sharti: kama kuna nota ya mkono wa kushoto ndani ya tiki 40 kutoka nilipogonga, pigo lihamie kwenye nota hiyo. Mkono wa kushoto wa mzee nauamini kuliko wa kwangu.

Stima imepotea nikiwa naandika haya. Betri inatosha.

Alhamisi

Mwanzo wa nota umetengenea, sasa mwisho wake. Mpiga kinanda huachia kitufe mapema kidogo ili aruke kwenda kingine, au anachelewa na nota mbili zinapandana. Sikio halijali. Karatasi inajali: kila mwanya unakuwa pumziko, kila kupandana kunakuwa tao. Isitoshe, mzee anatumia pedali, ambayo kwenye MIDI ni kidhibiti namba 64. Mguu ukiwa chini sauti inaendelea ingawa kidole kimeondoka, kwa hiyo faili inaonyesha nota fupi mahali ambapo kanisa zima lilisikia nota ndefu.

Dawa yake ni rahisi. Nota iendelee mpaka nota inayofuata ya sauti hiyohiyo, isipokuwa mwanya umezidi nusu ya pigo. Vipumziko vya kweli, vile vya kuvuta pumzi mwisho wa mstari wa maneno, navitia kwa mkono. Mwalimu anajua kwaya yake inapumulia wapi, na haiwi pale faili inapodhani.

Jumamosi

Kutenganisha sauti nne. Kanuni ya kwanza inajileta yenyewe: panga nota zilizobonyezwa pamoja, ya juu kabisa ni soprano, ya pili alto, ya tatu ni tena (sauti ya juu ya wanaume), ya chini besi. Kwa nyimbo tulivu inafanya kazi sehemu kubwa. Inavunjika mahali pawili.

Pa kwanza ni oktava. Mzee anapenda kunenepesha besi kwa kubonyeza nota na oktava yake ya chini, kwa hiyo zinakuwa nota tano. Nimeweka mipaka: besi kuanzia 40, yaani E, hadi 60, tena 48 hadi 67, alto 55 hadi 74, soprano 60 hadi 79. Kilicho chini ya 40 kinafutwa kama oktava yake ya juu ipo, na kama haipo kinapandishwa.

Pa pili ni pale mwimbaji wa tena anapopanda juu ya alto. Katika kiitikio cha MPYA_MPYA sauti ya tena inaruka hadi E wakati alto imetulia kwenye C. Skripti iliwabadilisha nafasi, na alto wakapewa mruko wa ajabu ambao hawajawahi kuuimba maisha yao. Kwa hiyo sasa kabla ya kugawa inaangalia kila sauti ilikuwa wapi na kuchagua mgao wenye miruko midogo. Hata hivyo mama mmoja wa alto aliangalia nakala, akaimba kimoyomoyo, akaniambia, "Hii si yetu, mwanangu, ni ya wale wa nyuma." Alikuwa na haki. Wale wa nyuma ni tena. Nimewarudishia.

Jumatatu

Doh, nota ya kwanza ya ngazi. Wapiga kinanda wengi wa makanisani hupiga karibu kila wimbo kwa C na kubonyeza kitufe cha kupandisha sauti, na mzee ni mmoja wao. Kinanda chake kinahifadhi kitufe kilichobonyezwa, hakihifadhi sauti iliyosikika. Ukifuata faili, kitabu kizima kiko C. Kwaya inaimba Eb, F, wakati mwingine Ab siku sauti zikiwa zimeamka vizuri.

Kwa wenye kusoma solfa hilo halina shida, maana solfa haijali doh iko wapi. Kanuni ya Curwen, ambayo aliitengeneza Uingereza karne ya 19 akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover, imeshika huku kwetu kuliko mistari mitano. Waimbaji wetu wengi wakiona `d :r :m | f :s :l` wanaimba bila kusita, na wakioneshwa nota za mistari mitano wanatafuta kwanza maneno. Ndiyo maana mwalimu anataka vyote viwili. Nilimuuliza doh ya kila wimbo, akaniandikia pembeni, nikahamisha.

Kisha shapu na flati. Kwenye MIDI 66 ni 66. Kwenye solfa ni *fe* au ni kitu kingine, na mwimbaji ataimba tofauti kulingana na alichokiona. Nimeanza na jedwali la kawaida katika doh C: 61 ni *de*, 63 ni *ma*, 66 ni *fe*, 68 ni *se*, 70 ni *ta*. Halafu kuna kanuni ndogo: ikipanda nusu toni kwenda nota inayofuata iwe shapu, ikishuka iwe flati. *Ta* imejaa kwenye hizi nyimbo, mzee akielekea *f* hawezi kujizuia. *Fe* inakuja mwisho wa mistari.

Kuanzia hapa skripti haitoi tena MIDI, inatoa MusicXML. Muundo huo, ambao toleo lake la 1.0 ni la 2004, unaandika jina la nota na alama yake mbalimbali, kwa hiyo F shapu inabaki F shapu popote utakapoifungua. Ukirudi kwenye MIDI baada ya kazi hii yote, unaifuta.

Jumatano

Kuna wimbo mmoja ambao mzee aliiga orutu, fidla ya Kiluo ya uzi mmoja, kwa gurudumu la kukunja sauti. Unasikia kabisa ule uzi mmoja ukilia na kuteleza. Gurudumu hilo lina nafasi 0 hadi 16383, katikati ni 8192, na faili imejaa mamia ya namba hizo. MuseScore imezipuuza zote, ikatoa nota mbili zilizonyooka ambazo hazina ladha yoyote.

Nimechora mstari wa kuteleza kati ya nota hizo na kuandika *kama orutu* juu yake. Kwa mtu wa Kisumu inatosha. Akitoka mbali atafute mtu wa kumwonyesha.

Ijumaa

Maneno. Rekodi za kinanda hazina maneno, ingawa MIDI ina nafasi yake. Mwalimu kaniimbia, mimi naandika, kila silabi chini ya nota yake. Kwenye MuseScore unabonyeza Ctrl na L, unaandika silabi, kistari kinakusogeza kwenye nota inayofuata.

Nilitaka kuikabidhi skripti kazi ya kukata silabi, kwa kuwa Kiswahili kinaikata vizuri: silabi inaisha kwa irabu. *A-si-fi-we*, *u-pe-ndo*, *mbi-ngu-ni*. Tunakata *pe-ndo*, hatukati *pen-do*. Vitabu vya zamani vilivyokata kwa mtindo wa Kizungu vinawafanya waimbaji wafunge mdomo mapema. Shida ni *m*. Katika *m-to-to* inasimama peke yake na inahitaji nota yake. Katika *mbi-ngu-ni* imeshikana na *b*. Na *mbaya* je? Ukiimba *mtu mbaya* ni *m-ba-ya*, nota tatu. Ukiimba *njia mbaya* ni *mba-ya*, nota mbili. Skripti haiwezi kujua bila kuelewa sentensi. Naandika kwa mkono. Polepole, lakini hapa ndipo mtu anagundua kama mdundo alioupata ni sahihi, kwa sababu neno lisipokaa kwenye nota, mara nyingi nota ndiyo yenye kosa.

Jumamosi, Kondele

Nakala ya kwanza imechapwa. Nilienda na PDF, sikuenda na faili ya MuseScore, ili fonti za nota zije nazo. Dada wa saiba ameshachapa vitabu vya nyimbo vingi kuliko mimi, akanitahadharisha kabla sijafungua mdomo: "Kaka, usiache printa ijipunguzie ukurasa. Watarudi hapa wakilia hawaoni." Aliweka asilimia 100.

Tulikuwa tumepanga kijitabu cha A5, karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, kurasa zigawanyike kwa 4, stepla ndefu mgongoni. Rahisi kubeba, rahisi kwa bei. Lakini mistari mitano ya nota kwenye A4 ina urefu wa milimita 7 hivi, na A4 ikishuka kuwa A5 kila kitu kinabaki asilimia 71. Milimita 5. Nikaweka ukurasa mmoja wa kila saizi kwenye meza ya mazoezi jioni, taa ileile ya siku zote, nikawaacha wachague bila kusema neno. Hakuna aliyeshika ile ndogo mara ya pili. Kitabu kitakuwa A4, kitiwe ringi, na gharama iliyoongezeka jumuiya zitachangiana.

Mpangilio wa ukurasa: kiitikio chote upande mmoja, hakuna kugeuza karatasi katikati yake. Mashairi ya pili na kuendelea yanaandikwa chini kama maneno tu, kwa sababu sauti ni zilezile. Wimbo wowote uliovuka kurasa mbili nimeubana mpaka ukarudi mbili, hata kama vipimo vimekaribiana kidogo. Katika kanisa lenye feni, karatasi ya tatu huishia sakafuni.

Jumanne

Mwalimu amerudisha nakala ikiwa na penseli nyekundu. Mengi ni ya maneno. Kubwa liko kwenye SADAKA2B, kipimo cha 9. Mzee alipiga *s* kwa tena, kwaya imekuwa ikiimba *l* miaka yote. Nimempigia mzee simu nikidhani atatetea kidole chake.

"Wao wanaimbaje?"

"*L*, mzee."

"Andika *l*. Mimi pale nilikuwa natafuta miwani."

Nimebadilisha, nimesahihisha na solfa yake, PDF mpya imetoka. Zilizobaki kwenye flashi ni za Kwaresima, nyingi zimepigwa bila mdundo na bila haraka. Nitazigonga mapigo wiki ijayo. SONG_014 bado hakuna anayeikumbuka, hata mzee mwenyewe, na haitaingia mpaka apatikane mtu wa kutuambia maneno yake.